Kibaraza cha Nyuma ya Tanuri

Kama ushauri ungekuwa dawa, Yeruti Brítez angekuwa na afya kuliko wasichana wote wa Itauguá, Paraguay. Kila alipoingia mwezini, tumbo la chini lilimkaba, wakati mwingine akazimia, akatapika, na kabla hajamaliza kufuta mdomo tayari kulikuwa na mtu mlangoni mwenye maelezo. Umetembea pekupeku. Umeosha nywele. Umekula embe bichi kwa chumvi. Umelala feni ikikupiga mgongoni. Hakuna aliyewahi kumuuliza anaumwa kiasi gani. Wote walitaka kujua amefanya nini.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu, na chuo chenyewe hakikuwa na mzaha na mahudhurio. Alishakosa siku kumi na moja. Jumatatu ile mratibu wa masomo, mama mmoja anayevaa miwani shingoni badala ya machoni, alimwita ofisini na kumpa habari zake bila kupepesa. Mpaka Ijumaa saa sita mchana alete barua ya daktari ya kueleza kwa nini anakosa, la sivyo mwaka umepotea na atarudia mwakani.

"Na usiniletee barua ya 'tumbo tu'," mratibu akamalizia. "Za tumbo tu ninazo droo nzima."

Yeruti akatoka hapo mbio hadi kituo cha afya, akapanga foleni kwa saa mbili na nusu, akaingia kwa Dokta Filártiga. Huyu dokta alikuwa kijana, mpole kiasi chake, ila mlango wa chumba chake haukufungika vizuri na sauti yake ilisikika mpaka kwenye mabenchi ya nje. Miezi mitatu nyuma Yeruti alikuja kwake akiwa na mama yake, Ña Digna. Dokta aliuliza maswali yake yote siku hiyo: unalala saa ngapi, unakunywa chai asubuhi au unaondoka na njaa, soda ngapi kwa siku, unafanya mazoezi, unavuta sigara. Mwisho akauliza kama kuna mwanamke mwingine kwenye familia anayeumwa hivyo, mama, dada au bibi. Alikuwa hajafika kwenye "bibi" Ña Digna alipojibu.

"Hakuna."

Dokta akaandika kwenye kadi: Hakuna. Kisha akamwambia Yeruti ale asubuhi, atembee nusu saa kila siku, alale mapema, aache soda, arudi baada ya miezi mitatu. Walipofika nyumbani Ña Digna akaongeza orodha yake mwenyewe: tereré, ile chai ya maji ya barafu, marufuku, tikiti maji marufuku, ndimu marufuku, kuosha nywele siku zile marufuku, na kitandani ni soksi. Soksi, Oktoba, katika nchi ambayo mwezi huo hata mbwa wanahamia chini ya mtungi wa maji!

Na Yeruti alifanya yote. Hilo ndilo lililomchoma. Alikula, alitembea, alilala kuku wanapolala, alivaa soksi za sufu mpaka miguu ikatoka vipele. Tumbo halikusikia lolote.

"Umefanya yote?" dokta akauliza Jumatatu hiyo.

"Yote."

"Kweli yote?"

"Dokta, nimeacha hata tereré. Unajua maana yake hapa mtu kuacha tereré?"

Dokta, mtoto wa Paraguay kama yeye, alijua. Akageuza kadi, akaisoma, akakuna kidevu. "Hayo mengine niliyokuambia ni mazuri, endelea nayo, yanamsaidia mtu. Lakini maumivu ya kutapika na kuzimia si ya kukosa chai. Ningekuwa na historia ya ukoo, ningekuandikia rufaa leo hii kwa mtaalamu wa kina mama mjini Asunción, na chuo ningewaandikia kwamba uko kwenye uchunguzi. Sasa kadi inasema hakuna. Nikikupeleka hivi watakurudisha, watakuambia ukatembee."

"Nitembee tena!"

"Muulize mama yako tena," alisema dokta. "Na uje naye. Siandiki habari za mtu kwa kusimuliwa."

Nyumbani kwao ilikuwa nyumba ya wanawake watatu. Baba alikuwa Buenos Aires kwenye ujenzi, akija Krismasi na kuondoka na mapambo ya Krismasi hayajashushwa. Mama na Bibi walifuma ñandutí, lesi ya maduara inayofumwa kwa sindano juu ya kitambaa kilichokazwa kwenye fremu, na waliifuma kutwa nzima barazani, fremu magotini, tereré ikizunguka. Kwa kuwa Yeruti ndiye mdogo, yeye ndiye aliyegawa. Alijaza majani kwenye kikombe cha pembe, akamimina maji ya barafu, akampa mmoja, akarudishiwa, akamimina tena, akampa mwingine. Anayetosheka husema asante anaporudisha kikombe. Usiposema asante, utamiminiwa mpaka jua lizame. Kugawa kinywaji ambacho mwenyewe umekatazwa, Yeruti aliona ni adhabu ambayo hata padri asingeifikiria.

Jumanne jioni akalianzisha.

"Mama, dokta anasema nikuulize tena."

"Uniulize nini? Nilishamjibu."

"Kama na wewe ulikuwa unaumwa. Au Bibi."

Ña Digna hakuinua macho kwenye fremu. "Yeruti, wanawake wa nyumba hii hawalali mchana. Bibi yako alifuma kitambaa cha altare siku aliyonizaa mimi."

"Nusu kitambaa," alisema Bibi Eulogia kutoka kwenye kiti chake cha kamba. "Nusu nyingine nilimalizia kesho yake."

"Basi mimi mliniokota?"

"Wewe unatembea pekupeku," mama akasema. "Hata sasa hivi. Angalia miguu yako."

"Mama, Ijumaa ndiyo mwisho! Nisipopeleka barua narudia mwaka. Nakuomba uje tu, dokta akuulize mwenyewe."

"Nije nimwambie nini? Pale foleni nzima ni majirani na yule kijana anaongea kama yuko sokoni. Mimina."

Yeruti akamimina. Angeweza kuvunja ile pembe kwa meno. Mama akanywa, akarudisha bila asante, akanywa tena, akarudisha. Vikombe kumi na viwili, Yeruti alihesabu, kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya.

Alhamisi hakwenda chuo. Alfajiri tumbo lilishaanza kumnong'oneza, na siku ya kumi na mbili ikawa imeandikwa. Saa nne asubuhi, akiwa amekunja uso, alikuwa barazani anagawa kama kawaida. Mama akapokea kikombe cha kwanza, akanywa nusu, akakirudisha.

"Asante," akasema.

Yeruti akadhani hakusikia vizuri. Ña Digna, asante kwenye kikombe cha kwanza, na jua lote lile?

Mama alikuwa ameshasimama. Aliweka fremu chini taratibu, akajishika kiuno, akasema anakwenda kuwasha tanuri. "Nimejisikia kuoka chipa."

Bibi hakuuliza kitu. Huyo ndiye Bibi ambaye akisikia chungu kinafunikwa anataka kujua kinapikwa nini, na sasa bintiye anaoka chipa Alhamisi isiyo na sikukuu, yeye anatazama sindano yake.

Chipa, vile vimkate vya jibini, katika nyumba hiyo zilikuwa za Jumapili na za Wiki Takatifu, kama kwa kila mtu. Lakini zilikuwapo na nyingine, za siku yoyote tu, mara moja kwa mwezi. Yeruti alipokuwa mdogo alizipenda hizo kuliko za Pasaka. Alitoka shule Jumanne au Jumatano, akasikia harufu ya jibini na unga wa muhogo toka njiani, akakimbia mkoba ukimpiga mgongoni. Aliamini mama anazioka kwa furaha.

Moshi ukaanza kupanda nyuma ya nyumba. Baada ya saa moja hivi, tumbo la Yeruti likaacha kunong'ona, likaanza kupiga kelele. Akasikia mate yakimjaa mdomoni, akajua anatapika, na hakutaka kutapika mbele ya Bibi na kupewa hotuba ya ndimu. Akaenda nyuma, akalipita tanuri, akazunguka upande wa pili, pale kwenye uchochoro kati ya tanuri na ua, ambapo tangu utotoni waliambiwa kuna nyoka.

Nyoka hakuwapo. Alikuwapo mama yake.

Lile tanuri la udongo lilikuwa na kibaraza upande wa nyuma, kimeungana na ukuta wake, cha kutosha watu wawili waliobanana. Ña Digna alikuwa amekaa hapo, mgongo wote ameubandika kwenye udongo wa moto, magoti kifuani, macho amefumba, jasho likimtiririka, meno ameyauma. Yeruti aliutambua mkao huo mara moja, kwa kuwa hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyojikunja kitandani kila mwezi. Mgongo ule ule na magoti yale yale.

Akatapika kwanza, maana hilo halikungoja. Kisha akajifuta.

"Mama."

Ña Digna akafumbua macho. Kwa sekunde moja alionekana kama mtu aliyekamatwa akiiba. "Napumzika tu. Moshi umenipiga."

"Moshi uko mbele."

"Nimesema napumzika."

"Tangu lini, Mama?" Sauti ya Yeruti ikapanda, wala hakutaka kuishusha. "Hizi chipa za siku za wiki. Zote zile, tangu niko shule ya msingi. Ulikuwa unaoka ili ukae hapa?"

 Mama akasogea kidogo kumpisha, na Yeruti, aliyekuwa hawezi kusimama tena, akaanguka kwenye ile nafasi. Moto wa udongo ukampenya kiunoni. Na zaidi ya moto kulikuwa na kitu kingine: ukuta pale haukuwa mkavu wa kukwaruza kama kwingine. Ulikuwa umelainika na kubonyea, ukaupokea mgongo wake kama kiti cha mtu aliyekizoea.

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu," Ña Digna alisema mwishowe, akiangalia ua. "Nilikatazwa kwenda kijitoni siku zile. Nikaenda na binamu zangu, mwezi wa Juni, maji ya barafu, nikazama mpaka shingoni. Bibi yako akaniuliza, nikasema sikwenda. Toka hapo, basi. Ubaridi uliniingia tumboni na sijautoa mpaka leo. Ningemwambia nini dokta? Niseme nilijiharibu mwenyewe kwa ukaidi, halafu nikakuzaa wewe na ubaridi wangu? Nilidhani nikikukataza kila kitu, labda kwako utaondoka."

"Kwa soksi!"

"Kwa chochote, mwanangu. Ningekuvika na blanketi."

Fimbo ikagonga mawe. Bibi Eulogia alikuwa amesimama mwanzoni mwa uchochoro, anahema, na ilionekana alikuwa hapo kwa muda.

"Kijito gani tena?" akasema. "Digna, wewe chango lilikuanza kabla ya kijito. Nilikusikia unalia chooni tangu mavuno ya pamba ya mwaka uliotangulia. Hilo halikutoka majini. Lilitoka kwangu."

"Kwako?"

"Nilikuwa msichana, nafua na kupiga pasi ya mkaa kwa mke wa sajini. Kutwa nzima kwenye pasi, halafu nikateremka kisimani nikatia mikono yote miwili ndani ya ndoo, nikanywa na maji. Joto na baridi pamoja! Kila mtu anajua. Mama yangu alinipiga kibao. Toka siku ile mpaka nilipokoma, kila mwezi hapo mlipokaa ndipo palikuwa pangu. Nilipoona na wewe umeshikwa, nikajua ni mimi nimekushushia. Nikanyamaza. Ningesema nini?"

"Ungesema hivyo hivyo!" Ña Digna alifoka. "Miaka yote nakuona unafuma, nadhani wewe ni chuma na mimi peke yangu ndiye goigoi!"

"Na mimi nilidhani hivyo kwa mama yangu," alisema Bibi.

Yeruti alikuwa anawatazama kwa zamu, na hasira ilikuwa inamjaa mpaka maumivu yakasogea pembeni kuipisha.

"Bibi, hiki kibaraza alikijenga nani?"

"Mama yangu, Ramona. Alilijenga tanuri lote kwa mikono yake."

"Majirani wana tanuri, sijaona lenye kibaraza. Alisema cha nini?"

"Cha kupozea masinia."

"Upande wa moto?"

 Bibi akaangalia kibaraza, akaangalia ukuta uliobonyea. Ña Digna naye akageuka taratibu, akapapasa ule udongo kwa kiganja, kana kwamba hajawahi kuugusa.

"Masinia anayapozea upande wa moto!" Yeruti akasema. "Bikira wa Caacupé! Mmoja alioga kijitoni, mmoja alipiga pasi, na huyo Ramona sijui naye alijidanganya alikula nini. Na mimi nimetembea pekupeku. Kila mtu na kosa lake, na kibaraza ni kimoja! Mimi naukosa mwaka wa chuo, nimelala na soksi miezi mitatu, sijaonja hata kipande cha tikiti, na nyie wawili mnajua, mnakaa pale barazani mnaniambia angalia miguu yako!"

 Mama yake alianza kulia, lakini Yeruti hakuwa na nafasi ya kumbembeleza siku hiyo.

"Kesho utakuja?" akamuuliza.

"Ile foleni, Yeruti," alisema Ña Digna kwa sauti ndogo. "Nilishasema hakuna. Mbele ya watu. Nitaonekana mwongo."

Yeruti akainuka, akishikilia tanuri, akaenda kulala na uso ukutani, bila soksi.

Ijumaa alipoamka jua lilikuwa limeshapanda. Baraza lilikuwa tupu, fremu zote mbili zimefunikwa kitambaa, na kikapu cha chipa hakipo. Wamekimbia, akafikiria. Wamekwenda sokoni ili wasinione. Alijifunga mtandio kiunoni, akameza vidonge viwili, akatoka peke yake, amejikunja kama bibi kizee, akipanga maneno ambayo alijua mratibu hatayasoma.

Kituoni foleni ilikuwa imefika barabarani. Yeruti alikuwa anatafuta mwisho wake aliposikia fimbo ikigongwa sakafuni.

"We mtoto, huku! Unakwenda wapi?"

Bibi Eulogia alikuwa kwenye benchi la kwanza, mlangoni kabisa. Kando yake alikaa Ña Digna, uso umempauka, midomo mikavu, kikapu magotini. Walifika saa kumi na moja alfajiri. Foleni nzima ilikuwa inatafuna chipa.

Wakaingia wote watatu. Dokta Filártiga akatafuta kadi, akaifungua. Mlango nyuma yao ukabaki wazi kiganja kizima, na nje watu wakatulia, kama wanavyotulia watu wanaotafuna na kusikiliza.

"Haya, mama. Safari ile ulisema kwenye familia hakuna mwingine."

"Nilidanganya," alisema Ña Digna, na hakushusha sauti. "Naumwa hivyo hivyo toka nina miaka kumi na miwili. Natapika. Mara mbili nimeanguka. Hata sasa hivi ninavyoongea naumwa."

"Na mimi andika," alisema Bibi. "Eulogia. Nimeumwa miaka thelathini na minane, mpaka siku zilipokoma. Na mama yangu Ramona, marehemu. Huyo hakusema, ila alijenga."

"Alijenga nini?"

"Andika tu, nitakueleza."

Nje mtu akacheka, kisha sauti ya mwanamke ikasema, "Hata kwetu ni hivyo hivyo," na mwingine akamnyamazisha.

Dokta alishavuta karatasi za rufaa. Aliandika upesi, akapiga mhuri, akaandika na barua ya chuo, akapiga mhuri mwingine. Akamwambia Yeruti asingoje tena maumivu yamshike ndipo ameze dawa, na kwamba Asunción watamwangalia kwa kipimo. "Na huyo mama naye namwandikia," akasema. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na robo. Kisha akainua ile kadi ya zamani. "Hii nitaichana, nianze nyingine."

"Hapana," alisema Ña Digna. "Nipe kalamu. Mimi ndiye niliyesema, nitafuta mimi."

Dokta akasita, akampa. Ña Digna akaiweka kadi juu ya kikapu cha chipa, akaliona neno lake, Hakuna, akalipitishia mstari, na mwingine, na wa tatu, mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Juu yake, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea sindano kuliko kalamu, akaandika: Tupo sote.

Yeruti akalisoma akiwa amesimama nyuma ya bega lake. Bado alikuwa na hasira nao, na alikusudia kuwa nayo mpaka Jumapili angalau. Lakini akainama, akampokea mama yake kikapu, akampa mkono ainuke.